Miamala Pacha

Kila Jumapili wakitoka kanisani, Nyakato alivua viatu, akavuta kigoda mbele ya Karani, mashine ya serikali, na kuanza kulinganisha hesabu za wiki. Nyangoma, dada yake, alikwenda nyuma ya nyumba kumenya ndizi. Hakutaka kusikia. Alizoea kusema kwamba kile kibao cha ukutani kina maswali mengi kuliko padri kwenye kitubio, na padri angalau humaliza kwa kukusamehe.

Walikuwa pacha, umri wao umeshapita nusu karne, na kwa desturi ya Buhaya aliyetangulia kuzaliwa aliitwa Nyangoma na aliyemfuata Nyakato. Mume wa Nyangoma alihamia Kigali zamani na hakurudi. Nyakato hakuolewa. Waliishi Kamachumu katika nyumba waliyoachiwa na wazazi, katikati ya kibanja cha migomba na kahawa ambamo wazazi hao walizikwa. Wote wawili waliugua kisukari tangu usichana, kile cha kujidunga sindano kila siku, na wote wawili walifanya kazi katika shamba moja la vanila. Ua la vanila hufunguka asubuhi na kunyauka mchana, na nyuki wa huku hawaliwezi. Lazima mkono wa mtu uingie na kijiti chembamba uliunganishe dume na jike. Pacha hao walikuwa na mikono myepesi kuliko wote shambani. Walilipwa siku moja, ujira mmoja, wakatoka pamoja, wakapita duka moja, na kila mmoja akanunua chumvi yake, sabuni yake na chupa yake ya insulini, kutoka akaunti yake mwenyewe.

Kazi ya Karani ilikuwa rahisi kuieleza. Benki ilimletea miamala yote ya wiki, naye akaisoma mmoja mmoja, na mtu wa nyumba akasema kila mmoja ulikuwa wa nini. Hii nauli. Hii sadaka. Hii ni ile ndoo iliyopasuka siku ileile. Muamala uliopata maelezo uliwekwa pembeni, na wote ulipokwisha, tofauti kati ya hesabu za benki na hesabu za nyumba ikasoma sifuri, na wiki ikafungwa. Nyumba iliyofunga wiki ilipata posho ya taifa na mgao wa dawa. Isiyofunga ilisubiri.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Watu walipokuwa wangali wakitembea na noti mfukoni, matumizi ya nyumba yalikuwa siri ya nyumba. Kisha vikaja vivuli. Wahuni walijifunza kutengeneza watu kwa mashine: sura, sauti, alama za vidole, hata cheti cha ubatizo, na watu hao wasiokuwapo wakapanga foleni ya posho na dawa mpaka hazina ikakauka. Serikali ilipozinduka ilijikuta haiwezi tena kuamini uso wa mtu wala kidole chake. Kitu kimoja tu kilikuwa kimewashinda wahuni, nacho ni mwenendo wa matumizi. Mashine iliweza kuchonga sura ya mtu kwa dakika, lakini haikuweza kuchonga miaka yake ya kukopa nauli, kusahau kulipia maji, kununua kitenge kwa hasira na kurudisha kesho yake. Basi sheria ikasema kwamba mtu ni mwenendo wake. Kila nyumba ikafungiwa Karani, na kivuli chochote kilichogunduliwa kikafutwa.

Jumapili moja, wakati wa masika, Karani alifika katikati ya orodha akasita.

"Miamala hii miwili ni ya siku moja, duka moja, dawa moja na kiasi kimoja," alisema. "Je, ni muamala mmoja ulioingia mara mbili?"

Nyakato alijua si mmoja. Alikuwa amesimama dukani, bega kwa bega na dada yake, wakati chupa mbili zinatoka. Lakini alijua pia kinachofuata mtu akijibu hapana. Angetakiwa kupeleka uthibitisho ofisini Muleba, wiki ingebaki wazi, na posho ingezuiwa. Na wiki hiyo jokofu lao la kutunzia insulini lilikuwa limeanza kukoroma na kuvuja maji, na fundi alikuwa amekataa kuligusa bila kulipwa kwanza.

Akasema ndiyo.

Karani alishukuru, akaiunganisha miamala ile, na bei ya chupa moja ikarudi kwenye akaunti yake. Nyakato hakuitegemea hiyo. Alikaa pale kwenye kigoda akiitazama, akasikia kisu cha dada yake kikikwangua ndizi nyuma ya nyumba, akafikiri amwite. Hakumwita. Kesho yake alimlipa fundi, na Nyangoma alipouliza, alimwambia benki imerudisha makato ya kimakosa. Nyangoma alisema basi hata benki Mungu huigusa moyo.

Wiki iliyofuata Karani aliuliza tena, juu ya sabuni. Kisha juu ya nauli. Kisha juu ya ujira wenyewe wa shambani. Nyakato akajibu ndiyo kila mara, na kila mara hesabu zilifungwa upesi. Hakujiona mwizi. Alijiambia kwamba ameulizwa swali naye amelijibu, basi, na wanaojua maana ya jibu hilo wako huko mjini na wamesomea.

Masika yalikwisha. Kahawa ikaanza kuiva. Jumapili moja Karani hakusoma miamala. Alisema nyumba hii ina kivuli, na mwenye kujibu hesabu afike Muleba.

*

Afisa aliyempokea aliitwa Projestus, kijana wa umri wa mtoto ambaye Nyakato angeweza kumzaa, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti, akamwuliza kama mvua za Kamachumu zimekatika. Nyakato alikuwa amejiandaa kwa mtu mkali. Upole ule ukamwondolea maneno yote aliyokuwa ameyapanga njiani.

Projestus alimgeuzia kioo aone. Mistari miwili, mmoja wa kijani na mmoja wa bluu, ilitembea pamoja kutoka kushoto kwenda kulia kama nyayo za mtu mmoja. Alieleza bila kuinua sauti kwamba ufanano peke yake si kosa. Wapo mume na mke wanaofanana hivyo. Lakini chini ya mistari palikuwa na safu ndefu ya majibu ya Nyakato mwenyewe. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka chini ya kioo.

"Mashine haikukuhukumu, mama," alisema. "Ilikuuliza. Wewe ndiye uliyesema kwamba hawa wawili ni mmoja."

Nyakato alimwambia ukweli. Alimweleza juu ya jokofu, na fundi, na jinsi walivyozaliwa siku moja na kulala kitanda kimoja mpaka walipovunja ungo. Projestus alisikiliza mpaka mwisho, na ilionekana anamwamini, na hilo ndilo lililomtisha Nyakato zaidi, kwa sababu imani yake haikubadilisha kitu. Kijana alimweleza kwamba njia ni mbili. Ya kwanza, aandike kwamba majibu yake yote yalikuwa ya uongo. Hapo akaunti zote mbili zingefungwa, pamoja na mgao wa dawa, mpaka uchunguzi umalizike, na uchunguzi wa namna hiyo haujawahi kumalizika kabla ya msimu mwingine wa maua. Ya pili, ataje ni yupi kati ya wawili aliye kivuli. Huyo angefutwa, na aliyebaki angeendelea na kila kitu chake, bila doa.

Nyakato alihesabu kichwani chupa zilizobaki kwenye jokofu. Njia ya kwanza ilikuwa makaburi mawili. Akauliza kama anaweza kurudi nyumbani akamlete dada yake, ili waamue pamoja.

"Kivuli hakihojiwi," Projestus alisema, na mara hii hakumtazama. "Na mashine imeshafungua ukurasa. Ukitoka hapa bila kujibu, inachukua kwamba umekataa, na inafunga zote."

Alimwachia nafasi. Dirishani mtu alikuwa anaosha pikipiki. Nyakato alianza kufikiri, kwa utaratibu, kama mtu anayepanga vitu kwenye kapu: hati ya nyumba iko kwa jina lake, hesabu anazijibu yeye, na dawa ya mtu mmoja wakiigawa vizuri itawatosha mpaka wapate njia nyingine. Zilikuwa ni sababu nzuri. Lakini baadaye, kila alipoikumbuka siku ile, alijua kwamba mdomo ulikuwa umeshasema kabla ya sababu hizo kufika.

"Mimi ndiye halisi," alisema. "Nyakato ndiye halisi."

Mstari wa bluu ukafutika kuanzia kulia, ukarudi nyuma miaka yote, mpaka ukafika mwanzo.

*

Hakumwambia. Alirudi na mkate na kilo ya nyama, akasema Muleba walitaka sahihi tu. Alikusudia kumwambia asubuhi, kisha akakusudia kumwambia Jumapili. Nyangoma akaenda peke yake dukani siku ya mgao, akasimama mbele ya dirisha la dawa, na dirisha halikuwaka. Muuza duka, mwanamke aliyemfahamu tangu wakiwa wadogo, alijaribu tena na tena, kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mashine inasema hakuna mtu aliyesimama hapo.

Nyakato alimkuta ameketi jikoni, mikono mapajani, moto haujawashwa. Alimweleza yote bila kuficha, tangu jokofu mpaka mstari wa bluu. Nyangoma hakumkatiza. Alipomaliza, kuku mmoja akaingia, akadonoa sakafu, akatoka.

"Kwa hiyo ulijichagua," Nyangoma alisema.

"Ndiyo."

"Mimi pia ningejichagua, mdogo wangu. Nisikudanganye." Alivuta pumzi. "Lakini ningekuuliza kwanza. Ningekuja nikakaa hapo ulipo, nikakwambia, Nyakato, naogopa kufa, nataka niwe mimi. Na wewe ungenikubalia. Unajua ungenikubalia."

Nyakato alijua. Akaanza kulia, na dada yake akamwacha alie, hakumgusa. Baadaye Nyangoma aliinuka akawasha moto, akasema kama dawa ni ya mtu mmoja basi waijue nusu yake ni mistari mingapi ya bomba la sindano, wasije wakaanza kupunjana.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Getini shambani palikuwa na jicho lililosoma akaunti, na halikumfungulia Nyangoma tena, kwa hiyo alibaki nyumbani kuchuma kahawa. Nyakato alichavusha maua peke yake. Kila mmoja alijidunga nusu, na kwa kuwa nusu haitoshi, walijinyima chakula ili sukari isipande: waliacha ndizi, waliacha uji, walikula maharage na majani na samaki kidogo. Walikonda wote kwa pamoja. Kiu haikuwaacha. Usoni walizidi kufanana, kwa sababu ngozi ilikuwa imewashika mifupa na mifupa yao ilikuwa ileile.

Walijaribu kwingine. Mwanamume mmoja wa Mutukula aliyesemekana kuvusha dawa mpakani alikubali kupokea kahawa badala ya malipo ya benki, akawaletea chupa zenye vifuniko vizuri. Nyangoma alijidunga ya kwanza, na sukari yake haikushuka hata kidogo. Yalikuwa maji. Jirani yao Ta Rwechungura, katekista wa kigango, alizunguka kimyakimya kuuliza nani ana mgonjwa wa sukari anayeweza kumega. Alipata chupa moja, kutoka kwa wazazi wa msichana wa shule, na Nyangoma alipojua imetoka kwa mtoto aliirudisha.

Nyangoma hakumsema mdogo wake tena kwa lile jambo. Lakini aliacha kumwita mdogo wangu. Alimwita jina, Nyakato, wazi na lote, kama watu wanavyoita kwenye orodha, na Nyakato alisikia kila mara.

*

Kidonda ndicho kilichoharibu mambo. Nyangoma alijikata mguuni kwa panga akipogoa mibuni, jeraha dogo ambalo mtu mwingine angelifunga na kusahau. Mguu ulivimba. Homa ikaja, na homa ikaipandisha sukari, na nusu dozi ikawa kama kitu kisichokuwapo. Mchana mmoja Nyakato alirudi kutoka shambani akamkuta anahema haraka haraka kama aliyepanda mlima, anatapika, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza. Alimwita akageuza macho tu.

Ta Rwechungura alileta gari la kigango. Njia nzima ya kwenda hospitali Nyakato alimshikilia dada yake kichwa na kumpangusa mdomo, na wakati wote alijua atakachoulizwa mlangoni. Aliulizwa. Muuguzi alielekeza kifaa kwa mgonjwa, akasema kitanda hakifunguki bila akaunti ya mtu, akauliza jina la mgonjwa.

Safari hii aliwaza kabla ya kusema, na mawazo hayakuchukua muda.

"Nyakato," alisema, na akatoa kadi yake mwenyewe.

Kitanda kikafunguka. Walimwekea maji ya mshipani na insulini, dozi nzima, na daktari aliyeitwa Mwasiti, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, akaja akausafisha mguu kwa mikono yake. Alimtazama mgonjwa, kisha akamtazama aliyemleta. Hakuuliza kitu.

Kwa siku chache ilionekana atapona. Alifungua macho. Alikunywa uji. Nyakato alikaa chini pembeni ya kitanda, kwa sababu viti vilikuwa vya wageni waliosajiliwa, na mchana mmoja mkono wa dada yake ulishuka ukamgusa kichwani.

"Wananiita Nyakato humu," Nyangoma alisema. "Naitika."

"Nilikuwa sina jingine la kukupa."

Nyangoma aliuacha mkono pale kichwani. Alionekana kama anacheka, lakini hakuwa na nguvu za kucheka.

"Ungeniuliza kwanza," alisema. Kisha akasema, "Mdogo wangu."

Usaha ulikuwa umeshaingia damuni. Alifariki alfajiri, Nyakato akiwa amesinzia, na alipoamka mkono ulikuwa bado kichwani pake, umekuwa mzito.

*

Daktari Mwasiti alimchukua kando, kwenye ukumbi wa kufulia mashuka, na kumweleza kwa maneno machache. Kifo kimeandikwa kwa jina lililofungua kitanda. Benki imeshakipokea na kukituma kwenye nyumba ya marehemu kama muamala wa mwisho, kufunga akaunti. Ukilinganishwa na kukubaliwa, kibali cha mazishi kitatoka na mwili utarudi Kamachumu.

"Na ukikataliwa?" Nyakato aliuliza.

"Ukikataliwa maana yake Nyakato yu hai. Basi aliyelala kitandani kwangu alikuwa kivuli." Daktari alijifuta mikono ambayo haikuwa na maji. "Kivuli hakizikwi na ndugu. Mwili wake ni ushahidi. Wanauchukua, wanaupeleka kwenye uwanja wao huko, wanaufukia na namba. Nimewaona wakichukuliwa, mama. Sitaki kukudanganya."

Alisema pia kwamba yeye ataandika lolote atakaloambiwa aandike, kwamba jina lilikosewa, kwamba alikuwa amechoka. Lakini alisema hivyo kama mtu anayejua halitasaidia. Kisha akamwambia afikirie juu ya dawa. Aliyefungiwa akaunti hapati dawa.

Nyakato alipofika nyumbani, Karani alikuwa anawaka. Alikaa kwenye kigoda bila kuvua viatu.

Karani aliisoma miamala kama kawaida. Kitanda cha hospitali. Maji ya mshipani. Insulini. Pamba na dawa ya kuoshea kidonda. Baada ya kila mmoja Nyakato alisema ndiyo, ni sahihi, na ulikuwa ni sahihi, kila kimoja kilitumika na alikiona kikitumika. Kisha ukabaki mmoja.

"Kufungwa kwa akaunti ya Nyakato kwa sababu ya kifo," Karani alisema. "Kama kuna mtu nyumbani, na ajibu. Je, ni sahihi?"

Alikaa. Nje watu walikuwa wameanza kufika. Alisikia wanawake wakiweka masufuria chini, na Ta Rwechungura akiwaonyesha wanaume mahali pa kuchimba, karibu na mama yao. Akafikiria jokofu na chupa zilizomo. Akafikiria uwanja ule asioujua, na namba. Alitamani sana kuishi. Hilo halikuwa limepungua hata kidogo, na alishangaa kuona kwamba halikupungua. Alikuwa amedhani huzuni ingelipunguza. Alikuwa na njaa, hata. Alisikia harufu ya ndizi zilizokuwa zikipikwa nje na mate yakamjaa mdomoni.

"Je, ni sahihi?" Karani alirudia.

"Ni sahihi," Nyakato alisema.

Tofauti ikasoma sifuri. Karani akashukuru, akazimika, na kwa mara ya kwanza tangu alipofungwa ukutani, hata kile kitone chake cha kijani hakikubaki.

*

Walimzika kesho yake mchana. Kibali kilikuja kwa mkono wa dereva wa gari la maiti, nacho Ta Rwechungura ndiye aliyepaswa kukisoma mbele ya kaburi, kama sheria ilivyotaka. Alikifungua. Watu wa Kamachumu walikuwa wamesimama kuzunguka shimo, watu waliowajua pacha wale tangu wakibebwa mgongoni, na hapakuwa na hata mmoja ambaye angeweza kukosea ni nani amelala ndani ya lile sanduku na ni nani amesimama pembeni yake. Katekista alikisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Halafu akakikunja, akakitia mfukoni mwa kanzu.

"Tunamwombea ndugu yetu Nyangoma," alisema.

Ilikuwa ni kosa kusema hivyo, na kila aliyeitikia alikosa pamoja naye. Waliitikia. Mmoja mmoja walikuja wakatupa udongo, na kila mmoja akamwita marehemu kwa jina lake, wengine kwa sauti, wengine kama wanamnong'oneza. Nyakato alitupa wa mwisho. Alimwita dada, basi.

Alingoja mpaka udongo ukapigwa ukashikana na mvua moja ikanyesha juu yake. Kisha akavaa gauni lake la kanisani akaenda Muleba. Ta Rwechungura alimwuliza anakwenda kutafuta nini, kwa kuwa hawatampa kitu. Alimjibu kwamba anataka kuambiwa usoni.

Foleni ilikuwa ndefu, na kila mtu mbele yake alimulikwa na kifaa mlangoni. Kilipomfikia yeye hakikulia. Mlinzi alikitikisa, akajaribu tena, kisha akaona ni heri kumpitisha kuliko kueleza. Aliketi mbele ya Projestus, kwenye kiti kilekile. Shati la kijana lilikuwa limepigwa pasi kama siku ile. Aliinua macho, na Nyakato akaona wazi kwamba amemtambua.

Alimweleza yote. Alisema jina lake na la dada yake, na ni nani aliyezikwa, na kwa jina gani. Alisema amekuja kukiri, wamfanye watakalo, ila waandike kwamba watu walikuwa wawili. Hakulia wala hakuinua sauti. Projestus aliandika jina kwenye mashine na kusubiri, akasoma kilichotokea, na mikono yake ikatulia juu ya meza.

"Hesabu za nyumba hii zimefungwa," alisema taratibu. "Hakuna kilichobaki wazi. Hakuna tofauti yoyote. Mama, sina mahali pa kuandika unachoniambia. Mashine hainifungulii ukurasa. Ili nifungue malalamiko lazima kuwe na mlalamikaji."

"Unaniona lakini."

Kijana aliondoa mikono mezani. Alitazama mlangoni, akatazama kioo.

"Nakuona," alisema, karibu bila sauti. Kisha akanyoosha mkono akabonyeza kitufe, na taa juu ya dirisha ikamwita anayefuata.

Nyakato hakuinuka. Hakuwa amepanga kutoinuka. Miguu tu haikuona sababu ya kwenda popote. Taa iliita tena. Aliyefuata alikuwa mzee mwenye koti la mvua na bahasha kwapani, ambaye alikuwa karibu vya kutosha kusikia kila kitu. Alikuja mpaka kwenye kiti, akamwona mwanamke ameketi hapo, akaona jinsi Projestus anavyojitahidi kutazama pale kama mtu anayetazama kiti kitupu. Mzee hakumwomba ampishe. Alivua kofia, akamwambia pole, mama, na akasimama pembeni yake akaeleza shida yake amesimama.

Taa iliendelea kuita. Watu waliendelea kuja, wakasimama pembeni ya kiti, mmoja baada ya mwingine, mpaka ofisi ilipofungwa.